Mwenzi Wako Anataka Trekta Kuukuu? Kaeni Kwanza Mzungumze

Jumatatu ukifika ofisini fanya utafiti mdogo: uliza nani ana shamba. Utashangaa! Mhasibu ana ekari nne Mkuranga, yule dada wa mapokezi na mumewe wana ekari sita Mlandizi, na bosi naye ana zake kumi kule Mvomero. Siku hizi kijana wa mjini akishapata ajira, mwenzi na kiwanja, kinachofuata ni shamba.

Na shamba likishapatikana, haipiti misimu mingi kabla mmoja wa wawili hao hajaja na wazo: "Tununue trekta." Si jipya, maana bei ya jipya haishikiki. Anataka lile jekundu la zamani, Massey Ferguson 135 au ndugu yake, alilolikuta limeegeshwa chini ya mwembe huku kuku wakitaga kwenye kiti. Mwenzake anaguna. Na hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Katika miaka ninayohariri kurasa za mahusiano, sijaona chombo kinachogawa watu wawili kama trekta kuukuu. Mmoja anaona mkombozi wa shamba. Mwingine anaona chuma chakavu kilichomeza ada ya mtoto. Hata kwangu mjadala huu upo, kwa hiyo siandiki kama mtazamaji. Ninachoamini ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa na haki. Yote yanategemea kama mmekubaliana mnalinunua kwa ajili ya nini.

Kwa nini lile la zamani?

Tuanze kwa kumtendea haki anayelitaka. Matrekta haya si takataka. Chimbuko lake ni Harry Ferguson, mgunduzi mzaliwa wa Ireland, aliyebuni namna ya kuunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, inayoinuliwa kwa haidroliki. Kabla ya hapo plau ilikuwa ikikokotwa tu nyuma kama gogo. Kwa ubunifu wake, plau ikawa sehemu ya trekta, na ule mzigo wa kulima ukawa unayakandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Matokeo yake, trekta dogo na jepesi likaweza kazi iliyokuwa ikihitaji trekta zito.

Trekta lake la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Baada ya kampuni kuungana ndipo likaja jina la Massey Ferguson, na katikati ya miaka ya 1960 ikaja 135: injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na nguvu ya farasi kama 45. Halina kompyuta wala sensa. Fundi mzuri akiwa na spana zake na kivuli cha mti analifungua na kulifunga. Isitoshe, viwanda vya Pakistan na India viliunda matrekta ya ukoo huu kwa leseni kwa miongo mingi, ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana madukani.

Wapo hata wanaoyapenda kama wengine wanavyopenda saa au magari ya kale. Huko Uingereza watu huyakusanya, wakayapiga rangi upya na kuyapeleka kwenye mashindano ya kulima. Usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao: mashindano ya dunia ya kulima kwa trekta yaliwahi kufanyika hapo jirani Kenya, mwaka 1995, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Kwa hiyo mwenzi wako akilitazama trekta kuukuu macho yakimng'aa, hajachanganyikiwa. Ana kundi lake.

Sasa leteni kalamu

Mapenzi ni mapenzi, ila hesabu nazo zina heshima yake. Plau ya sahani tatu hukata upana wa kama sentimita 75 kwa mkupuo. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kutoa magugu yaliyonasa, mnalima karibu ekari 0.7 kwa saa. Maana yake ekari 5 zinakwisha kwa saa 7 hivi. Siku moja tu!

Hebu weka vuli na masika, plau na haro. Shamba lenu litalipa trekta kazi ya siku nne hivi kwa mwaka. Siku zilizobaki limelala.

Twende kwenye hela. Tuseme, kwa mfano tu, huko kwenu kulimiwa na kupigiwa haro kunawagharimu Sh 100,000 kwa ekari. Ekari 5 kwa misimu miwili ni Sh 1,000,000 kwa mwaka. Tuseme trekta lenyewe mmelipata kwa Sh 15,000,000. Mtahitaji miaka 15 kurudisha bei ya kununulia, na hapo hatujagusa dizeli, matairi ya nyuma, dereva wala fundi. Wekeni bei za kijijini kwenu, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo.

Hesabu inabadilika mkiwalimia majirani. Ekari 40 kila msimu, kwa bei ile ile ya mfano, ni Sh 8,000,000 kwa mwaka kabla ya kutoa gharama. Tela nalo likibeba mazao, matofali na mapipa ya maji, au trekta likiendesha mashine ya kupukuchua mahindi, siku za kulala zinapungua. Ila hiyo sasa ni biashara. Biashara inataka msimamizi, dereva anayeaminika na mtu wa kuandika, siyo wikiendi mbili kwa mwezi.

Anayelitaka trekta anabaki na hoja moja nzito: mvua haingoji mtu. Ukitegemea la kukodi unapanga foleni, na mahindi yaliyochelewa kupandwa huja kuonyesha uchelewaji wenu kwenye magunia. Gharama hiyo haipo kwenye risiti yoyote, lakini ipo.

Somo la Kongwa

Historia ya nchi yetu ina onyo kubwa kuhusu mitambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga hapa Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa, kwa ndoto ya kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mitambo mingi ilikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya kivita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta! Udongo wa Kongwa, ukikauka, ukawa mgumu kama saruji. Mitambo ikavunjika, mvua hazikutosha, na ilipofika mwaka 1951 mradi ukaachwa ukiwa umekula pauni kama milioni 36.

Wale walikuwa na hela na wataalamu. Walichokosa ni subira ya kuuliza udongo kabla ya kuleta chuma. Nanyi fanyeni hivyo. Shamba la mikorosho lenye mchanga mwepesi halihitaji plau ileile ya mfinyanzi mzito, na likiwa limejaa visiki halihitaji trekta kabisa, linahitaji shoka kwanza. Pengine pawatila au jozi ya ng'ombe wa jirani inawatosha.

Kazi au starehe? Semeni ukweli

Nina marafiki, mume ni mfanyakazi wa benki, mke ni muuguzi. Mume alinunua trekta kuukuu kwa siri kwa hela ya bonasi. Mke akajua siku fundi alipopiga simu ya nyumbani kuomba hela ya nozeli! Walinuniana karibu mwezi mzima. Baadaye mke aliniambia kwamba bei haikumuuma sana, kilichomuuma ni kuwa mtu wa mwisho kujua.

Walichofanya baadaye nakipendekeza kwa kila mtu. Mke alishika daftari. Kila ekari, kila lita ya dizeli, kila senti ya fundi ikaandikwa kwa misimu miwili. Makubaliano yalikuwa kwamba trekta likishindwa kujilipia, linauzwa. Daftari likasema: linalipa dizeli na dereva, matengenezo haliyawezi. Cha kushangaza, mke ndiye aliyesema lisiuzwe. Ila liitwe kwa jina lake halisi. Mume analipenda, linamtuliza Jumamosi kuliko baa, basi liwekwe kwenye fungu la starehe na lipewe kikomo cha kila mwezi. Amani ikarudi.

Trekta la starehe si dhambi. Kinachovunja nyumba ni starehe inayojiita uwekezaji, kwa sababu kila likiharibika mwenye nalo anaapa kwamba msimu ujao litalipa, na akiba ya wawili inaendelea kuvuja.

Sisi nyumbani tulichagua kukodi kwanza kwa misimu miwili, tukiandika gharama na siku za kucheleweshwa. Msimu wa pili mwenye trekta alitufikia wiki tatu baada ya mvua kuanza, na hilo nalo limeandikwa. Bado hatujanunua, lakini sasa mezani tunajadili namba zetu wenyewe, na sauti zimeshuka.

Jina gani kwenye kadi?

Hapa wengi hunyamaza kwa aibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Kwa hiyo kama hela imetoka kwa wawili, kadi nayo iwe na majina mawili. Hakikisheni pia umiliki umehamishwa TRA. Trekta lenye kadi ya marehemu babu wa muuzaji ni kesi inayosubiri siku yake.

Kabla hujatoa hela

Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na uangalie haya:

- Likute likiwa la baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha ubovu wa kuwaka.
- Tazama moshi. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi mzito ni dizeli isiyoungua vizuri.
- Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji ndani.
- Inua plau, kisha zima injini. Mikono ikishuka haraka, haidroliki inavuja.
- Ingiza gia zote, na jaribu breki ya kila gurudumu la nyuma peke yake.
- Ulizia vipuri kabla ya bei. Mwaka 2017 matrekta ya Ursus kutoka Poland yalianza kuunganishwa Kibaha, na kampuni mama ikafilisika mwaka 2021. Jina zuri bila vipuri ni pambo.
- Usisahau vifaa. Trekta bila plau, haro au tela ni pikipiki ya gharama.

Trekta halina huruma

Hili nalisema kwa msisitizo. Ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine, mafundi huiita PTO, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa ncha ya kanga, kanzu au mkono wa koti, huna muda hata wa kupiga kelele. Iwe na kifuniko, na zima injini kabla hujaisogelea.

Matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka. Usivute kisiki kwa mnyororo uliofungwa kwenye mkono wa juu, maana trekta linaweza kunyanyuka mbele na kumwangukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Vuta kwa nondo ya chini ya kukokotea tu. Na jamani, ile picha nzuri ya mtoto amepakatwa kwenye matairi, acheni. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja.

Wikiendi hii

Kama wazo la trekta lipo nyumbani kwako, msibishane tena barabarani mkirudi shamba, mkiwa mmechoka na vumbi. Kaeni mezani na karatasi moja. Kila mmoja aandike peke yake jibu la maswali matatu: linanunuliwa kwa kazi au kwa starehe? Nani ataandika daftari? Na likishindwa, tutajuaje na tutaliuza lini?

Badilishaneni karatasi, msome kimya kimya. Majibu yakifanana, mtafuteni fundi. Yakitofautiana, mkodi msimu mmoja zaidi. Lile trekta chini ya mwembe limekaa hapo miaka mingi, na kuku bado hawajalihama.