Vali za Nyuma za Mrija wa Mkojo kwa Watoto wa Kiume: Tiba Isiyo na Mpasuo na Nafasi ya Utambuzi wa Mapema

Miongoni mwa kasoro za kuzaliwa za njia ya mkojo, vali za nyuma za mrija wa mkojo ni chanzo kikuu cha madhara ya figo kwa watoto wa kiume. Vali hizi ni mikunjo ya utando iliyo chini kidogo ya kibofu, nayo huzuia mkojo kutoka. Hugh Hampton Young na wenzake wa Marekani waliziainisha mwaka 1919. Hukadiriwa kumpata mvulana 1 kati ya 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa.

Madhara huanza tumboni mwa mama. Kibofu husukuma kwa nguvu, kuta zake hunenepa, na mkojo hurudi hadi kwenye figo zinazoendelea kukua. Baada ya kuzaliwa, mtoto hukojoa kwa matone au kwa kujikamua, tumbo la chini huvimba, na homa hujirudia. Homa hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni malaria. Aidha, mpira wa mkojo ukiingizwa mara nyingi hupita bila kikwazo, kwa kuwa vali hulala ukutani kitu kinapotoka nje kwenda ndani, lakini mkojo unaposhuka hutanuka kama tanga lililoshika upepo. Kwa hiyo, kupita kwa mpira si uthibitisho kwamba njia iko wazi.

Tiba huanza kwa mpira huohuo: mkojo hutolewa, maambukizi hutibiwa, na chumvi za damu hurekebishwa. Picha ya eksirei yenye dawa ya rangi huonyesha mahali pa kizuizi. Kisha mtoto hulazwa usingizi wa dawa, na kifaa chembamba chenye taa na kamera hupitishwa katika njia ya asili ya mkojo. Vali hukatwa bila mpasuo wowote tumboni. Pale ambapo mrija wa kichanga ni mwembamba kuliko kifaa, au kifaa cha watoto hakipo, kibofu hufunguliwa tundu la muda tumboni.

Kwa mtoto wa Malampaka, wilayani Maswa, safari ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya, na yaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Ubingwa wa ngazi ya juu hauwezi kurudisha figo iliyokwisha kuharibika; hata baada ya vali kuondolewa, baadhi ya watoto huishia kushindwa kwa figo, hivyo ufuatiliaji wa miaka mingi ni wa lazima. Utambuzi wa mwanzo, hata hivyo, hauhitaji mtambo: mhudumu amuulize mama jinsi mwanawe anavyokojoa, na ikiwezekana amtazame mtoto mwenyewe akikojoa.