Kilo Isiyo na Jina

Msimu wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, mkulima wa Bariadi au Meatu hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, AMCOS, na malipo yake ni kilo mara bei. Tuseme chama kimoja kimeandikiwa skripti ya sheli inayoitwa hivi: malipo.sh 850 1200. Ndani yake $1 ni kilo, ambazo skripti huziandika pia kwenye daftari la ghala, na $2 ni bei, na kinachozitofautisha ni nafasi tu. Karani akizigeuza, malipo hubaki yaleyale, Sh 1,020,000, kwa kuwa kuzidisha hakujali namba ipi imetangulia. Mkulima hapunjwi, fedha zinalingana, ila daftari la ghala limeongezewa kilo 350 za pamba isiyokuwepo. Hilo ndilo kosa la kuogopwa: hesabu yenyewe inalificha.

Kinga yake ni kukipa kila kigezo jina: malipo.sh -k 850 -b 1200. Amri ya getopts, iliyomo katika kanuni za POSIX, husoma herufi hizo kwa mpangilio wowote, hivyo -b ikitangulia hakuna kinachoharibika. Majina marefu kama --kilo hayamo katika uwezo wake. Hayo husomwa kwa mzunguko wa while, case na shift. Atakuwepo wa kusema kwamba kuhesabu vigezo kwa $# kunatosha. Hakutoshi: $# hubaini kigezo kilichopungua, si vilivyobadilishana nafasi. Mwingine atasema karani anaweza kukosea hata kwenye majina, akaandika -k 1200. Ni kweli, lakini kosa hilo sasa linasomeka. Mkaguzi akiipitia amri hiyo kando ya karatasi ya mizani ataliona, bila kuifungua skripti.

Hii haina maana kwamba nafasi haifai popote. Amri ya cp, ya kunakili faili, hupokea chanzo kisha mwisho wa safari, na mpangilio huo unafuata tendo lenyewe. Kuongeza majina hapo ni kujichosha. Mpaka uko hapa: thamani mbili zikiwa za aina moja, namba na namba, na hakuna maumbile yanayoamua ipi itangulie, zipewe majina. Mkulima hawezi kupokea stakabadhi yenye namba mbili tupu, bila neno “kilo” wala “bei”. Skripti inayoandika daftari la ghala idaiwe vivyo hivyo.