Je, Wajua? Maua ya sukari hupenda kiangazi

Mapambo ya fondanti ya keki za vikombe hukauka vizuri zaidi Gitega na Muyinga kati ya Juni na Agosti, kiangazi cha Burundi. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, hivyo petali lililosimama wima Julai huweza kulegea na kunata wakati wa mvua za Aprili.

• Kutengeneza fondanti: Loweka kijiko kikubwa cha jelatini katika robo kikombe cha maji. Iyeyushe juu ya mvuke. Ikichemka hupoteza nguvu. Tia nusu kikombe cha glukosi, kisha kanda na takriban kilo moja ya sukari ya unga hadi iache kunata mikononi.

• Sukari: Ile ya kiwanda cha SOSUMO, kutoka Moso, kusini-mashariki mwa nchi, husagika nyumbani. Ongeza wanga kidogo isigandamane.

• Halali: Baadhi ya jelatini hutokana na nguruwe. Muyinga, kwenye Waislamu wengi, ulizia ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali.

• Friji: Usihifadhi mapambo humo. Yakitolewa hutoka jasho, na rangi huchuruzika.