Kompyuta Kuukuu ya Unix: Je, Inafaa Nyumbani?

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Mzazi wa Manzese aliyejinyima miezi kadhaa ili mwanawe apate kompyuta ya kujifunzia hana budi kuukumbuka usemi huo anapooneshwa mashine kuukuu ya Unix kwa bei nafuu mno.

Unix ni mfumo wa kuiendesha kompyuta. Ulibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Hugawa kazi, hutunza mafaili, na huwawezesha watu wengi kutumia mashine moja bila kuvurugiana. Anayetaka mwanawe aujue ufundi huo hakosei kuutamani.

Tatizo ni mashine yenyewe. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyounda nyingi za aina hiyo, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mashine zake nyingi za zamani hutumia prosesa za SPARC, hivyo programu zilizoundwa kwa kompyuta za kawaida hazifanyi kazi humo. Diski, vioo, hata kibodi, mara nyingi ni vya namna ya peke yake. Kimoja kikiharibika, fundi wa mtaani atakipata wapi kingine?

Tena kuna umeme. Mashine ya wati 200 humaliza uniti moja ya LUKU kwa saa 5. Kompyuta ya mkononi ya wati 40 huchukua saa 25. Tofauti hiyo huonekana siku ya kununua unga.

Taifa letu nalo liliwahi kuonja machungu haya. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya ile ya Wizara ya Fedha kuleta hasara.

Lakini ipo njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alitoa Linux, inayofuata taratibu za Unix na hupatikana bure. Huwekwa katika kompyuta ya mtumba ya kawaida, ambayo vipuri vyake si adimu. Mtoto atajifunza amri zile zile.

Basi, ndugu mzazi, kabla ya kutoa fedha, taka mashine iwashwe mbele yako, iachwe ifanye kazi nusu saa. Uliza vipuri viko wapi. Kompyuta isiyowaka haimfundishi mtoto. Ni pambo la sebuleni.