Unyevu katika sakafu ya mbao

Sakafu ya mbao ngumu hutengenezwa kwa miti kama vile mwaloni, mvule au msaji. Hata miaka mingi baada ya mti kukatwa, mbao zake huendelea kufyonza na kutoa unyevu kufuatana na hali ya hewa chumbani. Ubao ukipata unyevu huvimba, ukikauka hunywea. Upana wake hubadilika zaidi, lakini urefu karibu haubadiliki.

Madhara

Katika nchi zenye majira ya baridi, vipasha joto hukausha hewa ya ndani. Mianya midogo hutokea kati ya mbao, na kwa kawaida hujifunga majira ya joto yanaporudi.

Unyevu ukitoka chini, kwa mfano kwenye zege ambalo halijakauka vizuri, upande wa chini wa ubao huvimba kuliko wa juu. Hapo kingo huinuka na katikati hubonyea. Sakafu hiyo ikipigwa msasa kabla ya kukauka, kingo hupunguzwa mno. Ikishakauka, katikati hubaki imetuna.

Kinga

Unyevu wa zege na wa mbao hupimwa kabla ya kazi. Mbao huachwa kwanza ndani ya nyumba zizoee hewa yake, na nafasi huachwa kando ya kuta ili zipate pa kutanukia. Vanishi hupunguza kasi ya unyevu kupenya, lakini haiuzuii kabisa. Kwa hiyo sakafu hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na maji yaliyomwagika hukaushwa mara moja.