Ada za karakana za redio na friji: Fundi wa Mbwara analipa nini, na anapata nini?

MAFUNDI wa redio, friji, feni na simu wameongezeka vijijini kila nguzo za umeme zinaposogea. Mbwara, kata ya Wilaya ya Rufiji iliyo kusini ya mto, haiko nje ya mkondo huo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, bidhaa za Dar es Salaam zilianza kuvuka Rufiji bila kungoja kivuko. Baadaye mradi wa umeme vijijini uliweka gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini kuwa Sh. 27,000. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha umeme katika mto huo huo. Penye umeme friji hununuliwa, na friji ikinunuliwa, siku moja itaharibika.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, karakana ya matengenezo inaonekana kuwa biashara nzuri. Haihitaji shehena kubwa ya bidhaa, na mteja huleta kazi mwenyewe. Hata hivyo wengi husita kwa swali moja: Serikali inadai kiasi gani? Wapo wanaoogopa ada wasizodaiwa kabisa. Wapo pia wanaodhani kwamba wakimlipa mtoza ushuru wa soko basi wamemaliza. Wote wawili hupata hasara.

MILANGO MINNE, SI MMOJA

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba Tanzania haina ofisi moja inayosajili mafundi wa vyombo vya umeme. Jimbo la California, Marekani, lilianza usajili wa aina hiyo katika miaka ya 1960, baada ya wateja wengi kulalamika kudanganywa na mafundi wa televisheni. Huko ada ya fundi huendesha ofisi inayopokea malalamiko, na fundi hutakiwa kumwandikia mteja makisio ya gharama kabla ya kuanza kazi. Hapa kwetu fundi hupita milango kadhaa, na kila mlango una sheria yake.

Mlango wa kwanza ni Mamlaka ya Mapato, TRA. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure. Anayetozwa fedha kwa ajili ya namba hiyo amelipa dalali, hakuilipa Serikali.

Mlango wa pili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanza kazi mwaka 1999. Hapa husajiliwa jina la biashara. Usajili ni Sh. 15,000 na ada ya mwaka ya kulitunza jina ni Sh. 5,000, jumla Sh. 20,000 kwa mara ya kwanza. Lakini mtu anayefanya biashara kwa majina yake halisi, bila kuongeza neno jingine, halazimiki kusajili jina. Akiandika kibaoni jina lake tupu yuko salama. Akiongeza "Electronics" au "na Wanawe", sheria inamtaka BRELA.

Mlango wa tatu ni halmashauri. Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972 imegawa leseni katika makundi mawili. Kundi A ni la biashara kubwa na zile za kitaifa au kimataifa, na hutolewa na BRELA. Kundi B ni la biashara za kawaida, nazo hutolewa na halmashauri. Karakana ya kijijini imo katika kundi B. Kwa Mbwara halmashauri inayohusika ni ya Rufiji, yenye makao yake Utete. Hii si ya Kibiti, iliyogawanywa kutoka Rufiji na kuwa wilaya yake. Jambo hili linawahusu pia wanaochanganya Mbwara na Mbwera ya Delta, kwa sababu leseni iliyotolewa na halmashauri moja haimruhusu fundi kufungua meza ya pili katika halmashauri nyingine.

Mlango wa nne ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na si kila fundi hupita hapo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake, inadai leseni kwa anayeingiza, kuuza, kufunga au kutengeneza vifaa vya mawasiliano. Simu imo. Pasi, feni, friji na jiko la umeme havimo. Kwa hiyo fundi wa friji anayeamua kuweka kijana wa simu pembeni ya meza yake ameongeza biashara yenye leseni nyingine.

Mlango huo si wa kupuuzwa. Usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu bandia nchini kwa kutumia rejesta ya namba za utambulisho wa simu. Kubadilisha namba hiyo, jambo ambalo baadhi ya mafundi walilifanya kama huduma ya kawaida, ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2010. Fundi anayepokea kazi ya namna hiyo kwa elfu chache anahatarisha karakana nzima.

Aidha, fundi anayefunga nyaya za umeme ndani ya nyumba anahitaji leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na kazi yake. Kutengeneza feni mezani hakumpi mtu ruhusa ya kufunga nyaya za nyumba nzima.

ADA ZILIVYOPANDA NA KUSHUKA

Wazee wa biashara wanakumbuka leseni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyowahusu wenye shughuli ndogondogo. Wanakumbuka pia kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine wenye kero. Katika Bajeti ya mwaka 2004/05, ada ya leseni iliondolewa kwa biashara ambazo mauzo yake hayakuzidi Sh. milioni 20 kwa mwaka, na zilizobaki zikawekewa Sh. 20,000 bila kujali ukubwa.

Nafuu hiyo haikudumu. Ada zilirejeshwa, na jedwali lake likapangwa upya katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2014. Tangu hapo ada hutegemea aina ya biashara na mahali ilipo, na leseni hudumu miezi 12 tangu siku ya kutolewa. Anayechelewa kuihuisha hulipa adhabu juu ya ada.

Desemba 10, 2018, Rais John Magufuli alianzisha ugawaji wa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000 kila kimoja. Vililengwa kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh. milioni 4 kwa mwaka, ili wasisumbuliwe na ushuru mwingine. Mwaka uliofuata Serikali ilianza kutekeleza mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na Bajeti ya 2019/20 ikafuta au kupunguza tozo 54 za taasisi mbalimbali.

Historia hii inatoa funzo moja kwa mwekezaji mdogo. Ada ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Anayefanya makisio ya karakana asome Bajeti ya kila Juni kama mkulima anavyotazama mawingu.

MAUZO SI FAIDA

Tarakimu ya milioni 4 ndiyo yenye uzito mkubwa kwa fundi wa kijijini, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Inahesabu mauzo, yaani fedha yote iliyoingia. Haihesabu faida. Milioni 4 kwa mwaka ni kama Sh. 333,000 kwa mwezi. Kwa anayefanya kazi siku 300, ni Sh. 13,300 hivi kwa siku.

Tuchukue mfano wa fundi friji anayebadilisha kompresa. Tuseme kompresa ni Sh. 150,000 na ufundi ni Sh. 40,000. Fundi akiinunua mwenyewe na kumwandikia mteja Sh. 190,000, mauzo yake ni Sh. 190,000. Akipata kazi 30 za namna hiyo kwa mwaka, ameuza Sh. 5,700,000 na amevuka mpaka. Lakini mteja akinunua kompresa yake dukani kwa risiti yenye jina lake, na fundi akapokea ufundi peke yake, kazi hizo 30 zinampa fundi mauzo ya Sh. 1,200,000.

Fedha ya ufundi ni ile ile, ila kwa sheria mafundi hao hawalingani. Njia ya pili ni halali kabisa ikiwa mambo yamefanyika hivyo kweli na karatasi zipo. Kasoro yake ni kwamba fundi hukosa faida ya spea. Anayetaka faida hiyo akubali pia kuhesabiwa kama muuzaji.

DAFTARI LINALOLIPA

Akishavuka milioni 4, fundi huingia katika kodi ya makadirio. Jedwali la Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 lilitofautisha wazi anayeandika hesabu na asiyeandika. Kwa mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh. 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh. 250,000, na mwenye kumbukumbu Sh. 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Hesabu zake ni hizi. Fundi mwenye mauzo ya Sh. 4,500,000 na daftari lililotunzwa vizuri hulipa Sh. 15,000. Jirani yake mwenye mauzo hayo hayo bila daftari hulipa Sh. 100,000. Kwa mauzo ya Sh. 6,000,000 ni Sh. 60,000 dhidi ya Sh. 100,000. Kwa mauzo ya Sh. 8,000,000 ni Sh. 120,000 dhidi ya Sh. 250,000. Hakuna spea katika karakana yenye faida kama daftari hilo.

Kodi hii hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Sheria za fedha zilizofuata zimegusa viwango vya juu, na watoa huduma za kitaalamu wana utaratibu wao. Kwa hiyo fundi amwombe ofisa wa TRA amwandikie daraja aliloingizwa, naye aihifadhi karatasi hiyo.

Juu ya kodi upo ushuru wa huduma wa halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, kwa anayefanya biashara yenye leseni. Kwa kiwango hicho, mauzo ya milioni 6 yalidaiwa Sh. 18,000. Basi kwa viwango hivyo fundi huyo, mwenye daftari na jina lililosajiliwa, angetoa katika mwaka wa kwanza Sh. 20,000 za BRELA, Sh. 60,000 za kodi na Sh. 18,000 za ushuru. Jumla ni Sh. 98,000 kabla ya ada ya leseni yenyewe, ambayo atasomewa na ofisa biashara kutoka kwenye jedwali. Asiye na daftari angetoa Sh. 138,000.

ANAPATA NINI?

Hapa ndipo malalamiko ya mafundi yenye haki yalipo. Leseni ya halmashauri ni ruhusa ya kufanya biashara, wala haithibitishi kwamba mwenye nayo anajua kutofautisha kapasita mbovu na nzima. Mteja wa Mbwara aliyeharibiwa televisheni yake haoni tofauti ya fundi mwenye leseni na asiye nayo, na fundi mzuri haoni leseni ikimletea mteja hata mmoja. Anayetaka uthibitisho wa ujuzi lazima aende VETA, ambayo huwapima na kuwapa vyeti hata waliojifunzia kazini bila kukaa darasani. Cheti hicho na leseni vikitundikwa pamoja ukutani, mteja ana sababu ya kuviangalia.

Hata hivyo faida zipo kwa anayetazama mbali. Zahanati yenye friji ya chanjo na shule yenye mashine ya kunakili haziwezi kumpa kazi mtu asiye na TIN wala leseni, kwa kuwa ununuzi wa Serikali sasa hupita katika mfumo wa NeST. Mkopeshaji naye huuliza karatasi kabla ya kuuliza ujuzi. Na siku ya msako wa leseni, karakana inayofungwa hufungwa pamoja na friji na redio za wateja. Jina la fundi huharibika kijijini kabla ya faini kulipwa.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI

Aliye chini ya milioni 4 hana haja ya kukimbilia jina la BRELA. Aanze na TIN, kitambulisho cha mjasiriamali na daftari la kila siku. Aliyekaribia mpaka aamue mapema kama anauza spea au anauza ufundi, maana uamuzi huo ndio utakaompangia daraja. Anayetaka kuongeza simu aulize TCRA kabla ya kununua vifaa.

Na anayempa fundi mtaji ili wagawane faida asiridhike na kuona meza iliyojaa redio. Aombe kuona vitu vitatu: tarehe ya mwisho wa leseni, daftari la mapato, na risiti ya awamu ya mwisho ya kodi. Fundi akishindwa kuvitoa, mwenye mtaji aweke mfukoni gharama ya kuvitafuta kabla hajahesabu faida.