Mwenye Kovu Usidhani Amepoa

Leo twataka kunena juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho wala kupimwa kwa damu, lakini unavunja nyumba nyingi huku kwetu Kitui na Makueni.

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani mnayemjua. Tumeutunga kutokana na mambo yanayotokea vijijini mwetu, maana siri za watu si za kutangazwa redioni.

Mama mmoja kijana, upande wa Mutomo, alifiwa na mtoto wa miaka miwili wakati wa ukame. Siku hiyo alikwenda mtoni kuchota maji, akangoja zamu yake kwenye kisima cha mchanga tangu alfajiri hata saa sita. Mtoto alibaki na nyanya yake. Homa ikapanda. Mama aliporudi na mitungi yake, mtoto alikuwa amezidiwa, na usiku ule akafariki. Mazishi yakafanyika, baba akarudi kazini Mombasa. Watu wakamwambia yule mama, "Jikaze, Mkristo halii hivyo." Akajikaza. Hakulia, na wote wakamsifu kwa imani yake.

Mwaka ukapita. Ndipo koo likaanza kumfunga, chakula hakipiti. Kifua kikambana, usingizi ukamtoka. Hospitalini walimpima wasione kitu. Kisha Jumapili moja akaanguka kanisani akitetemeka, na baada ya miezi michache akaanguka tena. Wengine wakasema ni mbevo, yaani mapepo. Wengine wakanong'ona juu ya uoi, yaani uchawi, na kidole kikamwelekea nyanya ya mtoto. Je, si yeye aliyebaki naye siku ile?

Hakuna aliyeuliza swali moja rahisi: huyu mama huanguka siku gani? Alianguka siku za kubatiza watoto wachanga.

Wapendwa, swali hilo ndilo mlango wa somo letu. Kuna elimu ya kutibu nafsi ambayo wataalamu huiita saikodinamiki, yaani elimu ya nguvu zinazosukumana ndani ya mtu. Yafundisha kwamba huzuni, hasira au hofu ambayo mtu hakupata nafasi ya kuitamka haifi. Huzama chini, na baadaye hutokea kwa mlango mwingine: kwa koo, kwa kifua, kwa ndoto, kwa kuanguka.

Sisi wa Ukambani twaweza kuelewa jambo hili upesi. Tazameni mto Tiva au mto Kaiti wakati wa kiangazi. Juu ni mchanga mkavu, hata mgeni atasema hapa hapana mto. Lakini mama zetu huchimba, na maji yapo, yanapita chini kimya kimya. Nafsi ya mtu ina sehemu kama hiyo. Mwenyewe hujiona amekauka, amesahau, kumbe chini maji yanakwenda.

Elimu hii ilianza mjini Vienna, nchi ya Austria. Kati ya mwaka 1880 na 1882 daktari Josef Breuer alimtibu msichana Bertha Pappenheim, aliyekuwa akimuuguza baba yake mgonjwa. Mkono wake ulipooza, maneno yalimpotea, na kuna wakati alishindwa kunywa maji. Breuer aliona kwamba msichana alipopata nafasi ya kueleza jinsi kila shida ilivyoanza, pamoja na uchungu aliokuwa ameumeza, shida ile ilipungua. Mwaka 1895 Breuer na mwenzake Sigmund Freud walichapisha habari hizo katika kitabu. Tusitie chumvi: Bertha hakupona mara moja, hata alilazwa tena hospitalini. Lakini baadaye alisimama, akawa mtetezi mkuu wa wanawake na watoto, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha wanawake wa Kiyahudi katika Ujerumani.

Freud aliendelea kuchunguza njia tunazotumia kujikinga na maumivu ya ndani. Njia moja ni kusahau kabisa. Nyingine ni kuhamisha hasira: mtu aliyeudhiwa na mkubwa wake kazini afika nyumbani akamchapa mtoto. Nyingine ni kumtwika mwenzetu jambo tusilotaka kuliona ndani yetu. Na iko njia ambayo Freud aliiandikia mwaka 1917, akilinganisha msiba wa kawaida na huzuni iliyogeuka ugonjwa. Mtu aliyempoteza ampendaye, naye ana hasira asiyothubutu kuitaja, huigeuza hasira ile ikampiga yeye mwenyewe. Hujiona hafai, hana haki ya kula, hana haki ya kuishi.

Turudi kwa mama yetu wa Mutomo. Ndani yake yamo maneno ambayo mke mwema na Mkristo mwema haruhusiwi kuyasema. "Kwa nini nilikwenda mtoni? Kwa nini mama mkwe hakumkimbiza mtoto hospitalini? Kwa nini mume wangu alikaa siku tatu tu? Kwa nini Mungu alinyamaza?" Maneno hayo ameyameza, na koo limefunga. Tena kijiji kizima chafanya lile lile: uchungu usiotajwa watafutiwa mtu wa nje wa kuubeba. Bibi kizee, ambaye naye amefiwa na mjukuu, aitwa mchawi. Hapa, wapendwa, ndipo tunapoona hatari yake. Tusipolitafuta jeraha lililomo ndani, tutatafuta mkosaji nje, na sote twajua yanayoweza kumpata mzee akishaitwa mchawi.

Elimu hii husema pia kwamba nafsi hujengwa tangu utotoni. Ushahidi mmoja mzuri ulipatikana kwa jirani zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akatembelea familia 26 za vijijini karibu na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa na mama yake huthubutu kutambaa mbali na kucheza, kwa kuwa ajua pa kurudi. Asiye na hakika hung'ang'ania, au hulia daima. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na kimesomwa ulimwenguni kote. Aliyekosa pa kurudi utotoni aweza kuubeba upungufu huo hata uzeeni, katika ndoa yake na hata katika sala zake.

Pengine msikilizaji atasema, "Hayo ni ya Wazungu, Mwafrika hana magonjwa hayo." Maneno kama hayo yaliandikwa zamani. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari kule Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika, na kwamba Mwafrika hajitwishi hatia moyoni kama Mzungu. Lakini aliwahesabu nani? Waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliosumbua watu barabarani na sokoni. Mama anayelia gizani huko Ikutha hakupelekwa Mathari, kwa hiyo hakuhesabiwa.

Jibu lilikuja kutoka Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako ukimwi ulikuwa umewamaliza watu wengi, wanavijiji walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu. Mojawapo lilitokana na neno la Kiganda okwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe. Watafiti walichukua vijiji 30, na katika nusu ya vijiji hivyo wakaanzisha vikundi vya mazungumzo, wake kwa wake, waume kwa waume. Vikundi vilikutana kila wiki kwa muda wa saa moja na nusu, wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa. Walizungumza juu ya kufiwa, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Njia hii haichimbi utoto kama Freud alivyofanya, lakini ni ya ukoo ule ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya waliomaliza vikundi, waliobaki na ugonjwa wa huzuni walikuwa 6.5 kwa mia. Katika vijiji vingine walikuwa karibu 55 kwa mia.

Hata bibi zetu walijua kitu. Katika ngoma ya kilumi, mwanamke aliyepagawa aliweza kusema mbele za watu mambo ambayo siku nyingine angenyamazishwa. Pepo alidai nguo, pepo alilalamika, na jamaa wakasikiliza. Hatuwaiti kurudi kwenye kilumi. Twasema tu kwamba mahali ambapo mwanamke hawezi kunena kwa sauti yake mwenyewe, atatafuta sauti nyingine.

Basi tiba yenyewe hufanywaje? Mgonjwa hukutana na mtaalamu siku ile ile, saa ile ile, mahali pa faragha. Huachwa aseme lijalo moyoni, hata ndoto, hata jambo la aibu. Mtaalamu hana haraka ya kuonya wala kufariji. Husikiliza, akaonyesha polepole jinsi jambo hili lilivyofungamana na lile. Baada ya muda mgonjwa huanza kumwona mtaalamu kama baba aliyemwogopa au mama aliyemwacha. Humkasirikia, humshuku, au humtegemea kupita kiasi. Mtaalamu aliyefundishwa hachukizwi na jambo hilo, bali hulitumia. Uhusiano wa zamani umefufuka chumbani, na safari hii waweza kwisha kwa namna nyingine: aliyetazamia kukemewa asikilizwa, aliyetazamia kuachwa angojewa.

Wengine wataogopa kwa kuwa Freud hakumwamini Mungu. Ni kweli hakuamini. Lakini rafiki yake tangu mwaka 1909 alikuwa mchungaji, Oskar Pfister wa Zurich, Uswisi, aliyeitumia elimu hii kuwasaidia washiriki wake. Freud alipoandika mwaka 1927 kwamba dini ni ndoto ya matumaini tu, Pfister alimjibu kwa maandishi mwaka uliofuata, wala urafiki wao haukuvunjika. Tena tukifungua Samweli wa Kwanza, sura ya 1, twamwona kuhani Eli akimtazama Hana. Aliona midomo inacheza, sauti haisikiki, akadhani mama huyu amelewa. Alipompa nafasi ya kujieleza, alikuta uchungu wa miaka mingi. Hana aliinuka, akala, uso wake ukabadilika, na mtoto alikuwa bado hajapatikana.

Hata hivyo tuseme wazi mipaka. Si kila mawazo ya Freud yaliyothibitishwa. Mengine wataalamu wa leo wameyaacha. Wala si kila ugonjwa wa akili hutibiwa kwa mazungumzo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa zake. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayechangamka kupita kiasi siku nyingi bila kulala, ahitaji daktari na dawa. Hata anayeanguka kama mama yetu, kwanza apimwe hospitalini. Kumfunga mgonjwa kamba, kumnyima chakula kwa jina la kufunga na kuomba, au kumwambia atupe dawa zake ni kumdhulumu.

Na anayesema amechoka kuishi, msimkemee. Kaeni naye, mmfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Wengi walificha neno hilo kwa kuogopa sheria pia, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba.

Kanisa lina kazi yake. Katika miaka ya 2010, hapa Makueni, watafiti wa shirika lililoanzishwa na Profesa David Ndetei waliwaketisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya. Walifundisha waganga na viongozi hao kuutambua ugonjwa wa huzuni, kusikiliza vema, na kumpeleka hospitalini anayezidiwa. Haya yaweza kufanyika katika kila parishi. Lakini sharti la kwanza ni siri. Jambo lililosemwa kwa mzee wa kanisa Jumatatu likisikika kisimani Jumatano, hakuna atakayefungua kinywa tena.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa. Wiki hii mtembeleeni mama aliyefiwa mwaka jana, ambaye sasa watu wamekwisha kusahau msiba wake. Msimwambie ajikaze. Mwulizeni jina la mtoto, na alikuwa mtoto wa namna gani. Kisha nyamazeni mngoje. Akilia, mwacheni alie. Na yule nyanya aliyeketi peke yake nje ya jiko, mkaribisheni naye, kwa maana msiba ni wake pia.

Bwana awape masikio ya kusikia. Amina.